Matone ya Watu Wawili

Jumamosi soko la Noonkopir, Kitengela, hujaa mpaka hujui mguu uliokanyagwa ni wako au wa jirani. Dolphine Amolo, gauni la manjano na kilemba cha kijani, alikuwa akichagua omena, dagaa wa ziwani, aliposikia kishindo. Meza ya nyanya ilikuwa imeinama, na kijana mrefu, shuka nyekundu ya Kimaasai juu ya jinzi, alikuwa ameiegemea huku amefumba macho.

"Wololo! Wewe, umelewa saa hii?"

"Sijalewa, madam. Sijalala."

"Tangu jana?"

"Tangu ajali. Lori yetu ya simiti ilipinduka mwaka jana."

Dolphine hakucheka. Aliinama wakaokota nyanya pamoja. Tuseme ukweli mapema: kijana huyo, Lemein, alikuwa mzuri hata na macho mekundu, na dada yetu aliondoka pale akiwa amesahau omena zake.

Ilikuwa mwaka 2007. Dolphine alikuwa nesi katika utafiti uliofanywa kwenye kliniki moja ndogo ya Kitengela. Walijaribu matone ya mafuta yaliyotolewa kwenye mmea wa bangi, bila ile sehemu inayolevya, waone kama yanatuliza hofu na kuleta usingizi. Wengine walipewa dawa, wengine mafuta matupu, na hata Dolphine hakujua nani kapewa nini. Alimwambia Lemein aje, naye akaja, akaandikishwa. Masikini Dolphine! Sheria ilikuwa wazi: nesi na mgonjwa wa utafiti hawapendani mpaka kazi iishe. Alimfungulia mlango wa kliniki akajifungia wa moyo.

Kila jioni ilikuwa kazi yake kuwapigia wagonjwa simu.

"Lemein, jana ulilala?"

"Mpaka jogoo akachoka kuniita. Sister, hiyo bangi yenu ni ya maana."

"Si bangi, ni sehemu yake tu. Na labda wewe uko kwa mafuta ya kawaida."

"Basi ni sauti yako inanilaza."

"Lemein, tafadhali. Niko kazini."

"Kwani hiyo kazi inaisha lini, nikuite babe?"

"Desemba."

"Woi! Hata ng'ombe yangu itakuwa imezaa."

Dolphine alicheka, akakata simu, akalaza kichwa mezani. Alimpenda, na ilimbidi amuulize habari zake kama anayeuliza bei ya sukuma wiki. Kutwa alisubiri jioni, na jioni ikifika alibanwa na maswali yale yale.

Siku moja Lemein alikuwa na furaha kupita kiasi.

"Hata Tajeu analala siku hizi. Shida ni asubuhi, anayumbayumba kama ndama ya jana."

"Tajeu gani?"

"Si turnboy wangu, utingo wa lile lori? Rika yangu. Mlimkataa hapo juu ya dawa zake za kifafa."

Dolphine alisimama. "Umempa matone?"

"Nusu. Sasa ningekunywa peke yangu? Nikiwa morani hata maziwa sikukunywa bila mwenzangu. Tulipinduka pamoja, tukakosa usingizi pamoja."

"Asiguse tena! Hayo matone na dawa zake zinaweza kumuumiza. Mlete kwa daktari kesho asubuhi!"

Angenyamaza, Lemein angebaki na chupa yake, na yeye angebaki na sauti ile ya jioni. Lakini Tajeu angeweza kufa, na majibu ya utafiti yangewadanganya wote wasiolala. Asubuhi alimwambia daktari kila kitu. Tajeu alipimwa, akaonekana mzima. Lemein alitolewa kwenye utafiti, chupa ikachukuliwa.

"Umenichoma, Dolphine."

"Ngoja nikueleze..."

"Usingizi ndio nilikuwa nayo. Umeninyang'anya."

Akarudi kwao Kajiado. Kila Dolphine alipopiga, mwanamke yule wa kwenye simu alimwambia mteja hapatikani, mpaka akamchukia kama mke mwenza.

Jumamosi moja alivaa gauni lile la manjano, akamfuata Kajiado. Aliwakuta Lemein na Tajeu kwenye benchi nje ya boma la mama yake Lemein.

"Sopa, shemeji!" Tajeu aliruka. "Naleta chai." Akatoweka.

Lemein hakumtazama. "Umekuja kuuliza kama nimelala?"

"Daktari amekubali kuwaona nyote wawili, nje ya utafiti. Na siwezi kukuuliza. Wewe si mgonjwa wangu tena."

"Najua. Ulinifukuza."

"Fikiria vizuri, Lemein. Nani alikatazwa kumpenda mgonjwa wake?"

Tabasamu likaanza polepole upande mmoja wa mdomo.

"Kwa hivyo hakuna Desemba?"

"Hakuna Desemba."

"Ulinishtaki ndio unipende?"

"Nilikushtaki kwa sababu ya Tajeu. Nimekuja kwa sababu yangu."

Lemein alimvuta karibu. "Mimi bado silali, babe. Nikifumba macho naona lori. Utaishi aje na mtu kama huyo?"

"Si ulisema hata maziwa hukunywa peke yako? Basi hata kukesha, usikeshe peke yako. Nioe tukeshe wawili."

Kichwa cha Lemein kilikuwa kimeangukia bega la Dolphine, kizito. Tajeu akarudi na vikombe vitatu.

"Shemeji, amesemaje?"

"Shh. Amelala."

Mkono wa Dolphine ulikuwa umeshaanza kufa ganzi, na chai ikapoa mbele yake, kwa maana hakuthubutu kuusogeza.