Jumatatu Bado Haijafika Port of Spain

"Sikeli, nikija huko, utanioa?"

Basi, Renelle alikuwa ameshalisema. Port of Spain ilikuwa Jumapili mchana, watu wameshiba makaroni ya kuoka na kuku, na jirani kafungulia muziki kana kwamba mtaa mzima ulimwomba. Kwa Sikeli kule Suva, upande wa pili wa dunia, Jumatatu ndiyo kwanza inapambazuka, na mvua inanyesha. Suva bila mvua mimi sijaisikia.

Kwenye simu ya video, Sikeli aliinua nyusi zote mbili, akamtazama.

Renelle alisubiri jibu, aibu ikampanda, akakata simu. Kisha akamfungia kabisa asiweze kumpigia.

Walijuana mtandaoni, wakibishania mapishi ya majani ya magimbi kwa tui la nazi. Renelle anayaponda, Sikeli anasema huko ni kuyaharibu. Mwaka mzima walizungumza kwa sauti tu, maana picha zilikuwa zinakwama; siku hiyo ndiyo kwanza walionana kwa video. Renelle ni mtoto wa mtaa wa Belmont, ukimsalimu anakujibu kwa hotuba. Sikeli anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga. Na kesho yake, Jumatatu, Renelle alitakiwa kumjibu mwenye mgahawa anakofanya kazi kama anabaki kazini au anaondoka, ndiyo maana alijikaza akauliza.

Alimlilia shangazi yake, Merle.

"Shangazi, amenitazama kama vile naropoka."

"Mwanaume wa kusitasita humfuati ng'ambo, mwanangu. Kesho mwambie bosi wako unabaki."

Renelle akakubali, roho inamuuma.

Jioni ukaingia ujumbe wa Litia, dada yake Sikeli.

"Wifi, mama ameshaanza kusuka mkeka wa harusi. Anauliza pembeni unataka nyuzi za rangi gani."

Renelle akapiga papo hapo.

"Litia, harusi ya nani?"

"Yako, ya nani tena? Sikeli anasema ulimuuliza, akakubali, halafu mtandao ukakatika. Leo hata kazini hajaenda, anazunguka kwa majirani kuwatangazia."

"Amekubali saa ngapi? Aliinua nyusi tu."

Litia alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa wifi, ulitaka aseme nini zaidi? Huku mtu akikuinulia nyusi, amekubali. Mama akiniuliza kama nimekula, namjibu hivyo hivyo."

Renelle alikaa chini sakafuni. Huku kwetu Port of Spain nyusi zikipanda namna ile, mtu amekuona huna akili. Shangazi Merle, ambaye mchana kutwa alikuwa akimsema Sikeli na ukoo wake wote, sasa ndiye aliyemhimiza amfungulie, apige haraka.

Sikeli alipokea kabla simu haijaita vizuri. Renelle akamweleza yote, kilio chake, kumfungia simu, na jibu alilopanga kumpa mwenye mgahawa.

"Nilidhani hunitaki, Sikeli."

"Nakutaka. Nitakuoa."

"Rudia. Mimi nataka kusikia kwa masikio yangu."

"Nitakuoa, Renelle."

Machozi yakamtoka tena, safari hii akicheka.

"Na bosi wangu je?"

"Mimi ni mchumba wako tangu Jumatatu asubuhi. Huko kwenu Jumatatu haijafika. Ikifika, mwambie unaondoka."