Ukuta wa Mama Rasta

Ukuta wote ulikauka isipokuwa mahali pamoja.

Mama Rasta aligundua asubuhi, alipotoka na kopo la rangi mkononi na brashi kwapani, moyo umemjaa raha kama mtoto mwenye kiatu kipya. Plasta ilikuwa imekauka ikapata weupe wa unga toka pembe hadi pembe, lakini katikati, mkabala na mlango wa jikoni, palibaki doa bichi, refu kumpita mtu na pana kama mlango. Akapapasa kwa kiganja. Palikuwa na baridi ya kuuma, na jua lilikuwa linaupiga ukuta ule usoni tangu lichomoze.

Akampigia simu fundi. "Fundi, umenizidishia maji hapa katikati."

"Mchanganyiko ni ule ule, dada," fundi akajibu. "Ila hapo ndipo palipokuwa na ule upenyo kwenye michongoma. Nilikuuliza tuache kijilango, ukasema nizibe."

"Kijilango cha nini? Ili Darubini aendelee kuniona hadi utumbo?"

Fundi akacheka, akaahidi kupita kuangalia. Hakupita.

Darubini ndilo jina ambalo Mama Rasta mwenyewe alimpa jirani wa nyuma, mama mmoja mjane, mwembamba, asiyepitwa na jambo. Mama Rasta alikuwa msusi, na saluni yake ni uani kwake, chini ya kibanda cha bati: benchi, viti, beseni la kuoshea na mafungu ya rasta yaliyoning'inia kwenye misumari. Wanawake walikuja pale kufunua vichwa wasivyovifunua kwingine. Na kati ya ua wake na wa jirani palikuwa na michongoma tu, iliyofika kifuani, yenye upenyo katikati ambao kuku na paka walipita watakavyo. Kila jioni Darubini alitoka, akaegemea pale na kuanza. "Huyo mwoshe kwanza, mba huo utakuziba pua!" Siku moja alikuja mteja mgeni, mama aliyejifungua karibuni, nywele za mbele zote zimemtoka. Darubini akachungulia, akasema kwa huruma iliyosikika mtaa mzima, "Masikini, hapo utashika nini?" Yule mama alilia, akajifunga kitambaa na kuondoka na kichwa kilichosukwa nusu. Siku hiyo hiyo Mama Rasta akamtafuta fundi.

Michongoma ilipong'olewa, Darubini alisimama upande wake akipunga mikono, anapiga kelele. Mama Rasta akaongeza sauti ya redio.

Sasa ukuta ulikuwa umesimama, mrefu kuliko kichwa cha mtu yeyote mtaani. Akaupaka rangi ya manjano, akapanga vyungu vya maua chini yake. Pale penye doa rangi haikushika. Iliteleza ikashuka chini kama maziwa yaliyoganda. Akakasirika, akachukua kioo chake kirefu, akakitundika papo hapo kuficha aibu. Wateja wakausifu ua. "Hapa sasa mtu unapumua," walisema, na yeye akavimba kichwa.

Wa kwanza kuona alikuwa mwalimu mmoja wa shule, mteja wake wa siku nyingi. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, mchana kweupe, anasukwa, macho yake kwenye kioo, mara akauliza, "Mgeni wako mbona hasalimii?"

"Mgeni gani?"

"Huyo aliyeingia jikoni kwako sasa hivi." Mama Rasta akaona shingo yake imekakamaa. Alipozungumza tena, alinong'ona. "Na hao wanaomfuata."

Mama Rasta aligeuka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kama alivyouacha, pazia lake limevimba kuelekea ndani kama lililosukumwa na bega, na upepo haukuwepo hata wa kutikisa unyoya. Halafu harufu ikamfikia. Msusi anajua harufu ya rasta, kwa sababu kila siku huchoma ncha zake kwa kiberiti zisifumuke. Ni harufu ya plastiki. Hii haikuwa plastiki. Zilikuwa nywele za mtu.

Mwalimu hakusubiri kumaliziwa.

Nyumba ile ilikuwa na korido moja iliyonyooka kutoka jikoni hadi mlango wa mbele, ikipitia sebuleni. Sebuleni ndiko alikolala mama mkwe wake, kwenye kitanda kilichowekwa pale makusudi, ili awaone watu wakipita. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja wa mwili na ulimi wote. Tangu hapo hakuwahi kutamka neno. Alikuwa akiongea kwa macho na kwa mkono wake mzima, na Mama Rasta, aliyemlisha na kumgeuza na kumwosha, alikuwa ameshajifunza lugha ile.

Kuanzia siku ya mwalimu, kila jua lilipoinama, korido ile ilipitwa. Mwanzoni ilikuwa sauti ya pindo la nguo lililolowa, linaburutwa sakafuni. Kisha miguu, mingi, isiyo na haraka, ya watu waliotoka mbali. Mama Rasta akiwa jikoni aliisikia ikiingia kwa mlango wa uani, ikimpita mgongoni karibu kabisa, hata vinyweleo vya shingo vikamsimama, naye akashika ukingo wa meza na kukazia macho chungu kilichokuwa motoni, kwa kuwa kitu fulani ndani yake kilimwambia akigeuka ataona, na akiona hatasahau. Na miguu ikapita, ikashika korido, ikaenda, ikaenda, mpaka mlango wa mbele ukagonga mara moja, kimya kikarudi, na katika kimya kile, kutoka sebuleni, akasikia sauti aliyokuwa ameshaisahau.

"Piteni," mama mkwe alisema. "Piteni tu, wenzangu."

Chungu kikaungua na mboga yake.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Aliporudi kutoka safari, alikuta mama yake ameinuliwa kwenye mito, na kabla hajatua begi mama akamwambia, "Mbona umekonda hivyo, baba?" Mwanamume yule mnene, mwenye sauti ya kutisha malori, alipiga magoti kando ya kitanda na kulia hadi kamasi. Mkewe alijaribu kumweleza habari za miguu. Hakutaka kusikia.

"Mama anaongea," alisema. "Hayo mengine ni panya."

"Panya wanavaa nguo, mume wangu?"

"Mke wangu, niache. Leo niache."

Mama aliongea kweli. Aliuliza habari za ndugu, alikumbuka madeni ya chumvi ya majirani waliokwisha kufa, alimtania mwanawe kuhusu tumbo lake. Lakini jua likizama aliacha kumtazama mtu, akageuza macho kwenye korido, akawa anapokea wageni. Jioni moja Mama Rasta alikuwa anamlisha uji aliposema, "Huyu wa mwisho amechoka. Anaomba akae kidogo."

Kijiko kikasimama njiani. "Mama, usimkubalie."

"Nimeshamwambia akae."

Na godoro, upande ule usiolaliwa, likabonyea taratibu.

Kesho yake mama aliamka akiwa amesukwa. Mama Rasta alitazama kazi ile kwa jicho la ufundi kabla hofu haijamfikia. Mistari ilikuwa myembamba kama uzi, imeanzia kisogoni ikaja mbele, na haikuwa na mahali ilipoanziwa wala ilipofungwa. Imevutwa hadi ngozi ya kichwa imechanika na vitone vya damu vimekauka kando ya masikio. Nywele za mama zilikuwa nyeupe na fupi. Hizi zilikuwa ndefu. Ndani ya kila mstari mweupe palikuwa pamepitishwa uzi mweusi, nywele halisi, zinang'aa, na ncha zake zote zilikuwa zimeungua.

"Mama, nani amekusuka?"

Mama akatabasamu kwa upande wake mzima. "Mwenzangu. Anasema wewe mkono wako mwepesi mno."

Mama Rasta alichukua mkasi, akaanza kukata ule uzi mweusi. Mama akapiga ukelele, lakini ukelele ule ulitoka kwa sauti mbili, moja ya kikongwe na nyingine ya mwanamke kijana mwenye hasira, zote kutoka kinywa kimoja. Mkasi ukamponyoka, akatoka mbio kwa mlango wa mbele, bila viatu, akazunguka barabara nzima hadi kwa Darubini.

Darubini alimfungulia bila kusema neno la ushindi. Alimpa maji, akamngoja apumue na kumweleza yote.

"Mume wangu aliniachia agizo moja kabla hajafa," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Pale kwenye upenyo pasizibwe, hata kwa ndoo. Njia ya hao wasioonekana inapita uani kwako, inakuja kwangu, inatokea kule kwenye pori. Sikuwahi kuuliza zaidi. Nilikuwa natoka jioni kuangalia kama pako wazi, basi. Midomo ilikuwa ya kupitisha muda."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, mwanangu. Ulikuwa na redio."

Darubini ndiye aliyemleta mganga, mzee mdogo wa umbo waliyemwita Polepole, maana hata kukohoa alikohoa kwa mpango. Alipita uani, akakitazama kioo kwa upande, akakitundua, akakiegemeza kando ya doa kikaangalia ukuta. Akanusa korido. Sebuleni alikaa chini mbali na kitanda, na mume akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Hawa hawana ugomvi nanyi," mganga alisema. "Ni wapita njia. Wamekuta ukuta, wamerudi nyuma, mlango uliokuwa wazi ni wenu. Bomoeni pale, watarudi kwenye njia yao. Lakini huyu aliyekaa ni jambo jingine. Huyu alikaribishwa. Anayeweza kumtoa ni yule aliyemkaribisha, kwa kinywa chake. Na ajue kwamba ulimi anaoutumia ni wa kuazima kwa huyo, tangu akiwa bado anapita. Mgeni akiondoka, anaondoka nao."

"Hapana," mume alisema.

"Damu inamtoka kichwani," mkewe akanong'ona. "Kila siku anapungua. Humwoni?"

"Nimekaa muda wote ule bila kusikia sauti ya mama yangu, leo mnataka nimnyamazishe mimi mwenyewe? Nyie mna akili?"

"Baba," mama alisema kutoka kitandani, na wote wakageuka. Macho yake safari hii yalikuwa yake. "Chukua nyundo ukabomoe. Kisha rudi ukae hapa."

Akaenda. Walimsikia akiupiga ukuta kama anayempiga mtu. Mama Rasta akatoka koridoni, akaona kwa mlango wa jikoni matofali yakianguka na, nyuma ya ukuta, uso wa Darubini umejaa vumbi. Upenyo ulipokuwa wa kutosha, mume alirudi akakaa, jasho na machozi havitofautiki, na mama akamshika mkono. Alimwambia mahali alipotaka kuzikwa. Alimwambia asimwache mkewe afanye kazi zote peke yake, kwani mkono wake si mwepesi, ni mpole, na yeye alikuwa akitamani kumshukuru tangu siku ya kwanza ya kuoshwa. Mama Rasta akafunika uso.

Kisha mama akageukia upande uliobonyea.

"Mwenzangu, nashukuru kwa kunisemesha. Sasa amka. Nenda."

Kwa muda hakuna kilichotokea. Halafu mistari kichwani mwake ikaanza kufumuka yenyewe, mmoja baada ya mwingine, uzi mweusi ukichomoka kama unaovutwa na mkono usio na huruma, na mama akauma meno asilie, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba hadi wote wakakohoa, na pazia la jikoni, ambalo siku zote lilivimba kwenda ndani, likapigwa kwenda nje, na uani kioo kikaanguka na kuvunjika. Godoro likainuka, likawa tambarare.

"Mama?" mume akaita.

Mama alimtazama. Mdomo ulisogea. Hakuna kilichotoka.

Basi nyumba ikapoa. Korido ikawa korido. Upenyo ukabaki wazi, na Darubini akarudi kuegemea pale, ingawa sasa aliuliza kwanza kama mteja haoni vibaya. Kichwa cha mama kikapona, akarudia kuongea kwa macho, na Mama Rasta akarudi kuyasoma. Mwenye kubadilika alikuwa mume. Aliacha safari za mbali. Jioni aliketi na mama yake, anamuuliza jambo, anangoja, anauliza tena.

Jioni moja Mama Rasta alikuwa uani anakusanya viti vya wateja, akamwona mumewe amesimama kwenye upenyo, mgongo kwake, kofia mkononi kama mtu aliye mbele ya mkubwa. Alikuwa anazungumza na njia tupu.

"Si wote," alikuwa anasema, kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuusikia kwake. "Yule mmoja tu. Aingie ndani. Mwambieni nimemkaribisha mimi."

"Mume wangu!" Viti vikamponyoka. "Mume wangu, umefanya nini?"

Aligeuka, macho mekundu, akafungua mdomo ajitetee. Lakini kabla hajasema, kutoka ndani ya nyumba, sebuleni, mama mkwe alisema wazi, kwa furaha, kwa sauti ya mwanamke kijana:

"Asante, baba. Nimeshaingia."