Maji ya Moto ya Bure

Pampu ilikuwa imechomolewa tangu asubuhi, lakini maji yaliyoizunguka bado yalikuwa ya moto.

Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Baba mwenye nyumba hata hakwenda kuyagusa. Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi kwa sababu alitengeneza friji, na fundi wa friji, jamani, haamini kama kuna joto la kumshinda.

Jumapili hiyo alikuwa akiandaa maji ya chumvi kwa ajili ya tangi lake la samaki wa baharini pale sebuleni. Kazi yenyewe si ngumu. Unajaza ndoo kubwa maji, unawasha pampu iyazungushe, halafu unatia chumvi kidogo kidogo. Yeye alikuwa na haraka ya mpira kwenye televisheni, akamimina pakiti nzima kwa mpigo. Chumvi ikaikaba pampu. Pampu ikanguruma, ikatoa harufu ya waya unaoungua, na alipoishika akaiachia upesi.

"Alaa! Hii inataka kunichoma vidole!"

Akachomoa plagi, akaitumbukiza pampu kwenye beseni la maji safi bafuni ili ipoe na chumvi iyeyuke, akaenda zake kutazama mpira. Beseni lenyewe lilikuwa la kuogea mtoto.

Aliyeyagusa maji hayo mchana ni mama mkwe wake, aliyekuja kukaa nao. Bibi huyo hakupenda kitu kipotee. Hata majani ya chai aliyachemsha mara mbili.

"Mwanangu," alimwita binti yake aliyekuwa jikoni, "zima gesi. Huku kuna maji ya moto ya bure."

Akaitoa pampu, akaiweka sakafuni, akamwogesha mjukuu wake wa miaka minne. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliingia kwenye beseni akisimulia habari za paka wa jirani, paka amefanya hivi, paka amefanya vile, kisha akanyamaza katikati ya neno.

"Bibi," akasema, "nani ameniwasha?"

"Amekuwasha nini, mama?"

Mtoto akajishika kifua.

Alasiri alikuwa anaungua. Mama yake alimpa dawa ya homa, akamwekea kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Kitambaa kikakauka papo hapo, na alipokinyanyua akaona kimeacha mstari mweupe wa chumvi. Chumba kikaanza kunuka mwani, mwani na waya ulioungua. Akainamisha sikio kifuani kwa mwanawe, na mle ndani, chini ya mapigo ya moyo, pampu ilikuwa inanguruma.

"Baba Chiriku," aliita kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtu. "Njoo usikie."

Alisikia. Akachukua funguo za gari, akambeba mtoto, hospitali sasa hivi. Lakini kila alivyozidi kuusogelea mlango ndivyo joto lilivyozidi kupanda, na pale kizingitini mngurumo ukawa mkali hata funguo zikatetemeka mkononi mwake, na mtoto akakunjika akilia kilio kisicho chake, hadi mama akapiga kelele, "Mrudishe! Mrudishe, unamuua!"

Akarudi mbio hadi bafuni, mtoto akatulia kidogo. Fundi akaigusa ile pampu pale sakafuni. Ilikuwa baridi kabisa.

"Limehama," alinong'ona. "Friji haitengenezi baridi, mama. Inatoa joto ndani, inalipeleka nje. Joto halipotei, linahama tu."

"Umepika bahari ndani ya nyumba," mama mkwe akamjibu, "ukadhani itakaa bila mwenyewe? Hilo ni jini, mkwe wangu. Lilikuwa limejikalia kwenye chumvi yake. Mimi ndiye niliyemmwagia mtoto. Mimi, kwa mikono yangu hii!"

Akaanza kulia. Hakuna aliyepata nafasi ya kumbembeleza.

Walichoweza kufikiri ni kimoja tu: kulirudisha lilikotoka. Wakaivuta ndoo ya maji ya chumvi hadi bafuni, wakamketisha Chiriku ndani yake hadi shingoni, mama ameshika mabega, bibi ameshika kichwa, na maji yakaanza kufuka mvuke, na ile pampu sakafuni, isiyo na umeme wala maji, ikaanza kuzunguka yenyewe, ikizunguka na kujigonga kwenye vigae, na mngurumo ukamtoka mtoto kifuani ukashuka kwenye ndoo, ukatikisa plastiki, ukatikisa miguu yao, na ngozi ya mtoto ikapoa, ikapoa.

"Mungu wangu, amepoa!" mama akacheka na kulia kwa pamoja. "Mwanangu amepoa!"

Fundi alimgusa shavu, akauondoa mkono haraka.

"Mtoe," alisema. "Mtoeni! Haliachi kuvuta!"

Walipomtoa alikuwa baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji. Midomo ya bluu. Wakamfunga blanketi, wakamsugua, wakamwita majina yote ya mapenzi waliyoyajua. Kifua hakikupanda. Jini lilichukua joto lake, likachukua na la mtoto.

Fundi akashika kikombe cha kupigia mswaki, akachota maji ya ndoo.

"Usithubutu!" mama alimdaka mkono.

"Mwangalie midomo, mke wangu."

Aliangalia. Akamwachia.

Fundi alimimina kikombe kimoja juu ya kile kifua kidogo. Maji yaliyokuwa yanafuka hayakumchoma. Yalinywewa na ngozi yakaisha. Chiriku akavuta pumzi moja. Kikombe cha pili, pumzi zikafuatana. Cha tatu, mashavu yakaanza kupata rangi, na kwa mbali sana, kwa ndani, mngurumo.

Fundi akasita, kikombe kitupu mkononi. Alitaka kuacha hapohapo.

Chiriku akafumbua macho. Sauti ilikuwa yake, ileile iliyosimulia habari za paka.

"Baba, bado nasikia baridi. Ongeza."

Fundi aliyatazama macho yale kwa muda mrefu, akimtafuta mwanawe, akitafuta ni nani anayeomba. Hakujua.

Mama akamnyang'anya kikombe, akachota.