Hisa za Kiwanda cha Sabuni

Asubuhi za nyumba ile zilifanana. Mama Sare alipangusa cherehani, akatia tone la mafuta kwenye gurudumu, kisha akammiminia mumewe chai. Watu walimwita Mama Sare kwa sababu alishona sare za shule. Mumewe, Fundi Mota, alikaa dirishani na redio yake. Alikuwa fundi wa mota katika kiwanda cha sabuni hadi alipostaafu. Kelele za mota zilikuwa zimemuua sikio la kushoto, kwa hiyo aliibana redio kwenye sikio la kulia huku akipuliza chai. Hakuna aliyesema neno mpaka taarifa ya habari iishe.

Siku hiyo Fundi Mota aliruka kutoka kitini kama aliyeumwa na siafu. Chai ikamwagikia sketi zilizokuwa zimekunjwa tayari kwa wenyewe.

"Baba Watoto! Sketi za watu hizo!"

"Hebu ngoja, sikia! Kiwanda chetu kinauza hisa."

"Kinamuuzia nani?"

"Kinatuuzia sisi! Mimi, wewe, yeyote anayetaka. Hisa moja shilingi mia mbili."

"Mia mbili? Mbona mche wa sabuni yao ni ghali kuliko hapo?"

"Sasa umenielewa!" alisema Fundi Mota. Macho yake yalimeta. Tangu astaafu, mkewe hakuwa ameyaona yakimeta.

Mama Sare alizitia sketi kwenye beseni. Maji yakageuka rangi ya chai. Alizifikicha polepole, na moyo wake ukawa mzito. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kiwanda. Aliyestaafu alipaswa kuihama kabla mwaka haujaisha. Walikuwa wameshapata vyumba viwili vya kununua, vidogo lakini vikavu. Fedha ya kuvinunua ilikuwa moja tu: kiinua mgongo cha Fundi Mota, kilichokaa benki. Hawakuwa na nyingine, wala hawakutazamia nyingine.

Jioni alikuja Kreti. Huyu alikuwa mpakiaji wa sabuni, rafiki wa Fundi Mota tangu ujana, naye alistaafu pamoja naye. Alipiga hodi akiwa amekwisha kuingia.

"Shemeji, salamu! Andaa viti vizuri, leo vinakaliwa na matajiri!"

"Matajiri wanaovaa ndala zisizofanana?" Mama Sare alimuuliza.

Kreti alitazama miguu yake, akacheka. "Ndala za mpito hizi. Fundi, mimi natia zote. Senti haibaki."

"Na mimi zote," alisema Fundi Mota.

Cherehani ikanyamaza. "Na vyumba?" aliuliza Mama Sare.

"Vyumba vitanunuliwa na faida. Tena si viwili, vinne! Mama Watoto, nani anakijua kiwanda kile kama mimi? Mitambo inanguruma usiku na mchana. Malori yanatoka yamejaa. Kampuni mbovu inatoa malori yamejaa?"

"Kwa nini lazima kiwanda kile?" mkewe aliuliza taratibu. "Si kuna vingine?"

"Nimekwambia. Faida."

Alijibu upesi mno, tena bila kumtazama. Mama Sare alirudi kwenye cherehani, akaikanyaga kwa nguvu. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kugomba. Kreti alifahamu, akaaga.

Siku zilikwenda. Muda wa kununua hisa ulikuwa unakaribia kwisha. Fundi Mota alichukua fomu, akaijaza, akaiweka mfukoni. Nyumbani walisemezana mambo ya chumvi na maji tu.

Kisha akaja mteja mmoja, dada kijana aliyefanya kazi ya hesabu kwa dalali wa hisa. Madalali hao ndio wanaowanunulia na kuwauzia watu hisa katika soko. Mtaani walimwita Mhasibu. Alileta gauni lipunguzwe kiuno. Mama Sare alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa zote, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Mwanangu, nikuulize jambo. Nisamehe kama ni la kijinga."

"Uliza tu, mama."

"Hisa ni nini hasa? Maana nyumba yangu inataka kwenda huko."

Mhasibu aliketi na pini zake kiunoni. "Hisa ni kipande cha kampuni, mama. Ukiwa nacho, wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Ikipata faida, inaweza kukugawia. Hiyo inaitwa gawio. Ikiharibikiwa, unaumia nayo."

Fundi Mota alitokea mlangoni. "Binti, usimtie mke wangu hofu. Kiwanda hicho nimekitumikia mimi. Hisa ni mia mbili tu, bei ya bure!"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu, ingawa bado alikuwa amenuna.

Mhasibu aliokota kipande cha kitambaa chini. "Baba, jora hili la mama tukilikata vipande vikubwa vichache, kila kipande kitakuwa ghali. Tukilikata vipande vidogo vingi, kila kimoja kitakuwa rahisi. Je, jora limekuwa rahisi?"

"Jora ni lile lile," alijibu Mama Sare.

"Basi na kampuni ni hivyo hivyo. Bei ya hisa moja peke yake haikwambii kitu. Lazima uilinganishe na faida."

"Inalinganishwaje?" Fundi Mota aliuliza. Hakuketi, lakini hakuondoka.

Mhasibu alikuwa na waraka wa matarajio. Kampuni inayouza hisa kwa umma hutoa waraka huo ili watu waisome hali yake kabla hawajanunua. Ofisini kwao ulitolewa bure.

"Chukua faida ya mwaka mzima, igawe kwa idadi ya hisa zote. Hapa inapatikana shilingi nne kwa kila hisa. Bei ni mia mbili. Mia mbili gawa kwa nne?"

"Hamsini," alisema Mama Sare. Mtu anayepima vitambaa hashindwi na kugawa.

"Hamsini. Yaani kwa faida ya sasa, bei unayolipa ni sawa na faida ya miaka hamsini. Huo ndio uwiano wa bei na faida. Kampuni nyingine za sabuni sokoni ziko kwenye kumi, kumi na mbili."

"Hebu ngoja," alisema Mama Sare. "Ni kama cherehani mbili zinazoniingizia sawa. Moja inarudisha bei yake mapema. Nyingine nitazeeka sijarudisha."

"Hapo hapo, mama."

"Lakini watu werevu wananunua!" Fundi Mota alipaza sauti. "Wote ni wajinga?"

"Hapana, baba. Uwiano mkubwa si kosa kila mara. Watu hulipa zaidi wakitumaini kwamba faida itakua haraka. Kwa hiyo unauliza: je, hapa faida inakua?" Alifunua ukurasa mwingine. "Mauzo yamepanda mwaka hadi mwaka. Hapo umesema kweli, malori yanajaa. Lakini faida imeshuka mwaka hadi mwaka. Bei ya mafuta ya kutengenezea sabuni imepanda, na dizeli pia. Lori linaondoka limejaa, linarudi na faida ya kujaa kiganja tu."

Fundi Mota alisogea karibu, akautazama ukurasa.

"Tena kuna deni. Kwa kila shilingi moja ya wenye kampuni, wana shilingi tatu za kukopa. Riba inalipwa kwanza, ninyi mnapata makombo kama yapo. Na madeni ya kulipwa mwaka huu ni makubwa kuliko fedha waliyonayo na mali wanayoweza kuigeuza fedha upesi."

"Si ndiyo maana wanauza hisa? Wapate fedha, wakue?"

"Ndilo swali la mwisho la kuuliza, baba. Fedha ya wanunuzi inakwenda wapi? Ingekwenda kununua mitambo mipya, ingekuwa jambo jingine. Hapa wameandika wenyewe. Sehemu kubwa wanalipwa wenye kampuni wa zamani, wanaouza hisa zao. Iliyobaki inalipa benki."

"Kumbe wao wanatoka," alisema Mama Sare, "sisi ndio tunaingia."

Nje mtu alikuwa akipiga ndoo.

"Mimi nilitengeneza mota pale wewe hujazaliwa," Fundi Mota alisema mwishowe.

Mhasibu aliinamisha kichwa. "Najua, baba. Hesabu hizi hazidharau kazi yako. Wala hazitabiri. Bei inaweza kupanda kesho kwa sababu watu wengi wanaitaka. Nasema tu, usiweke humo fedha ya mahali pa kulala."

Fundi Mota alichukua kofia yake, akatoka.

Mama Sare alimaliza kiuno cha gauni. Alishona, akafumua, akashona tena. Mumewe aliporudi, alimwekea chakula, akaketi mbele yake.

"Jasho ni lako," alimwambia. "Sikunyimi. Niambie kitu kimoja tu. Mwaka ukiisha tutalala wapi?"

Fundi Mota alimega, akarudisha tonge sahanini.

Siku ya mwisho ya kununua hisa alivaa viatu, akaenda. Mama Sare hakumzuia. Alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Alipanga kichwani vyombo vyao: kitanda, kabati, cherehani. Alijiuliza ni ndugu yupi angepokea cherehani na ni yupi angewapokea wao.

Jua lilikuwa limekwenda upande aliporudi. Aliweka karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa risiti ya hisa. Mama Sare aliisoma. Hisa zilikuwa chache, thamani ya cherehani moja kuukuu. Ya pili ilikuwa ya benki. Fedha nyingine zote zilikuwa zimelipwa kwa mwenye vyumba.

"Hizo chache zikipotea, tusilie," alisema.

"Ulizisoma zile hesabu?"

"Nilimfuata yule binti kazini kwake. Nikamwambia anipitishe tena, polepole, upande wa sikio zima."

Mama Sare alitaka kumuuliza kwa nini, basi, amenunua hata hizo chache. Alimwona amechoka, akaenda kumpakulia chakula.

Hisa zilipoanza kuuzwa sokoni, bei ilipanda hadi mia mbili na sitini. Kreti alikuja akicheza mlangoni.

"Fundi, umelogwa na msichana wa hesabu! Uza vyumba, bado hujachelewa!"

"Uza wewe hisa, Kreti. Angalau nusu," Fundi Mota alimsihi.

"Niuze kitu kinachopanda? Mimi punda?"

Hakuuza. Miezi michache baadaye kampuni ilitangaza hesabu zake, kama sheria ya soko inavyotaka. Faida ilikuwa karibu na sifuri, na gawio halikuwapo. Waliokuwa wakigombea kununua sasa wakagombea kuuza. Bei ikashuka hadi mia na ishirini, ikashuka tena, ikafika sabini. Kiwandani zamu ya usiku ilifutwa.

Mwaka uliisha. Fundi Mota na mkewe walihamia vyumba vyao viwili. Paa halikuvuja. Mama Sare aliweka cherehani penye mwanga, na wateja wakaifuata. Mhasibu alipopita, alikuta Mama Sare amebandika ukutani kitambaa chenye maswali aliyoyaandika kwa chaki ya kupimia nguo: Faida inakua? Bei ni mara ngapi ya faida? Deni kiasi gani? Fedha yetu inakwenda wapi? Wanawake waliokuja kuchukua sare waliyasoma. Mmoja aliyanakili kwa ajili ya kaka yake.

Lakini hakukuwa na shangwe. Kreti naye alitakiwa kuhama. Walikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Mwanawe alikuwa amempa kona ya sebule, mji mwingine. Kreti hakutania hata mara moja. Alipopanda gari alimshika rafiki yake mkono, akaung'ang'ania, kisha akauachia.

Tangu siku hiyo Fundi Mota alipunguza maneno. Aliacha hata kusikiliza redio.

Ndipo ikaja barua ya kampuni. Wanahisa wote, wenye nyingi na wenye chache, walialikwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka katika jengo la ofisi za kiwanda. Fundi Mota aliisoma mara ya kwanza akiwa amekaa, mara ya pili akiwa amesimama.

"Mama Watoto, lile koti langu unaweza kulitengeneza mabega?"

"Uende wapi?"

"Mkutanoni."

"Kufanya nini? Hisa zenyewe sasa hazinunui hata koti. Watu wataenda kugombana na kulia tu."

"Nitakwenda."

Mama Sare alilitandaza koti mezani. Aliona mumewe analipapasa kola kama mtoto. Safari hii hakukanyaga cherehani.

"Baba Watoto, niangalie. Hesabu zile ulizielewa. Ulijua hisa hazina faida. Ukanunua. Kwa nini?"

Fundi Mota aligeukia dirisha. Mkewe alidhani hakumsikia, akazunguka upande wa sikio zima kumuuliza tena. Hakuhitaji.

"Langoni," alisema. "Tulipotoka kazini kila jioni walinzi walitupekua. Mikono juu, viatu chini. Wanakupapasa kama mwizi, wanakunusa kama umeficha sabuni. Vijana niliowazidi umri, wanangu kabisa. Sikuwahi kuiba hata povu. Sikukwambia, maana nilikuwa nakuja nyumbani unaniita baba." Aligeuka, akamtazama. "Sikutaka faida, Mama Watoto. Nilitaka siku moja nipite lango lile nikiwa mwenye kiwanda, mikono yangu iko chini."