Kiraka cha Syombua

Mwaka ule chifu wetu alipowadai akina mama wa kanisa kibali cha kushona, maana sindano nyingi pamoja zilimnukia siasa, jirani yetu Kasyoka ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Kila bibi harusi walimshonea blanketi la viraka. Kila mama alileta kiraka chake, na hakuna aliyeruhusiwa kufumua cha mwenzake.

Zamu ya binti yake Mutindi ilipofika, Kasyoka alikifumua kiraka cha Syombua, mjane ambaye yeye alimchukia, akakitupa motoni mbele ya macho ya mjane huyo.

"Mkono wako hautalala kitandani kwa mtoto wangu!"

"Sawa, mwenyekiti," Syombua akasema. "Lakini shimo halikai wazi."

"Shona mdomo wako kwanza!"

Mchana wa siku moja kabla ya harusi, Kasyoka aliingia stoo ya kanisa, isiyo na dirisha, alichukue blanketi akazibe shimo. Upepo ukaufunga mlango nyuma yake. Gizani akasikia uzi ukivutwa kwenye kitambaa, polepole, kisha meno yakiukata.

"Syombua, toka! Nitakupeleka kwa chifu!"

Uzi ukavutwa tena.

Akapapasa, akalinyakua blanketi, akaupiga mlango teke na kutokea juani. Shimo lilikuwa limezibwa vizuri, kwa kitambaa cha maua ya njano. Kilikatwa kwenye gauni alilovaa Mutindi asubuhi ile, akienda Mutomo kumleta shangazi yake, na bado hakuwa amerudi. Kasyoka akaligusa fundo la uzi.

Lilikuwa bado limelowa mate.