Msumari wa Zuleha

"Kuamka tu, simu! Hata shikamoo huna?" mama alifoka kutoka uani, alikokuwa akikaanga vitumbua.

"Shikamoo, mama. Naangalia mara moja tu."

"Marahaba. Hiyo mara moja ni ya ngapi tangu jana?"

Kidole cha Mwanamkasi kilikuwa kimeshafika kwenye Facebook. Laiki mia tatu na kumi na mbili! Jana zilikuwa mia mbili na tisini. Je, Hatibu, mshindani wake darasani, amefikisha ngapi?

Mwezi uliopita, Mwalimu Dorkasi wa sayansi aliwapanga wanafunzi wa darasa la sita wawiliwawili, mmoja wa shule ya Ngamiani na mwenzake wa shule ya Pongwe. Kila jozi ilifanya utafiti na kuutangaza mtandaoni kwa simu ya mzazi. Siku ya Jumatano mwalimu angechagua jozi ambayo kazi yake imewafikia na kuwafaa watu wengi zaidi, nayo ingekwenda Muheza kutembelea maabara ya watafiti wa mbu. Mwalimu alisema "kuwafaa watu". Mwanamkasi alisikia "laiki".

Mwenzake alikuwa Zuleha. Kila Jumamosi, kwa wiki nne, Zuleha aliinamia mapipa sita ya maji ya jirani zake, akahesabu viluwiluwi wa mbu kwa kikombe cheupe. Mapipa matatu yalifunikwa kwa kitambaa, matatu yaliachwa wazi. Alituma hesabu kwa simu ya shangazi yake, naye Mwanamkasi akachora jedwali na bango zuri la kuwahimiza watu wafunike mapipa. Chini ya bango aliandika: "Utafiti wa Mwanamkasi, Ngamiani." Jina la Zuleha hakuliweka. Alijiambia kwamba nafasi haikutosha.

Asubuhi hiyo, kati ya picha za vikopakopa na pongezi, aliona ujumbe mrefu wa Mama Leticia, fundi cherehani wa Chumbageni.

"Mwanangu, nimefunika pipa kama ulivyosema. Wiki imepita, viluwiluwi wamejaa tena. Nimekosea wapi? Mjukuu wangu aliwahi kuugua homa ya dengue, naogopa."

Mwanamkasi aliusoma mara tatu. Hakuwahi kulisogelea pipa hata moja.

Darasani hakutulia. Alichora, akafuta, akang'ata kalamu.

"Mtafiti mkuu!" Hatibu alimtania wakati wa mapumziko. "Mbona sikuona jina la mwenzako kwenye bango? Mbu wamelimeza?"

Wenzake waliangua kicheko. Mwanamkasi aliinamisha kichwa.

Jioni alimrekodia Zuleha ujumbe wa sauti, akimweleza habari za Mama Leticia. Zuleha alikuwa kimya tangu bango litoke. Mwanamkasi aliweka simu mezani, akaichukua, akaiweka tena. Hatimaye jibu liliingia, fupi:

"Muulize mtafiti aliyeandikwa kwenye bango."

Machozi yalimlengalenga. Alimkumbuka Zuleha akicheka kwenye simu siku aliposema mgongo unamuuma kwa kuinama. Akamkumbuka na yule mjukuu asiyemjua.

"Mama," aliuliza, "jina likiwa ndani ya picha, haliwezi kubadilishwa?"

"Mpaka uifute picha yote, uweke nyingine. Na laiki zako zinaondoka nayo. Kwani kuna nini?"

Mwanamkasi alimweleza yote. Mama hakumgombeza. Alimsogezea simu, basi.

Mwanamkasi alibonyeza kitufe cha kufuta. Laiki mia tatu na kumi na mbili zikatoweka. Alichora bango jipya, akaandika juu kabisa: "Zuleha wa Pongwe na Mwanamkasi wa Ngamiani." Akamtumia Zuleha. "Nilikukosea. Nilitaka sifa peke yangu. Nisamehe."

Kesho yake, kabla hajaenda shule, jibu lilifika.

"Nimekusamehe, ila uliniumiza. Mwambie huyo mama asugue kuta za pipa kwa brashi kwanza. Mayai ya mbu hunata ukutani, huwezi kuyaona vizuri. Halafu afunike, akaze kwa mpira wa baiskeli."

Mwanamkasi alimwandikia Mama Leticia papo hapo.

Jumatano wanafunzi wa Pongwe walifika. Bango jipya lilikuwa na laiki kumi na sita tu. Mwalimu Dorkasi aliinua ubao wenye misumari na donge la uzi wa katani.

"Kila msumari ni mtu," alisema. "Tutafunga uzi kati ya waliofanya kazi pamoja, na kwa kila aliyetumia walichokigundua. Nitampigia kila mmoja kuhakikisha."

"Na laiki je, Mwalimu?" Hatibu aliruka. "Mimi ninazo mia nne!"

"Laiki ni mtu anayepita na kukupungia mkono, Hatibu. Inafurahisha. Lakini mimi namtafuta aliyekwenda nyumbani akasugua pipa."

Kutoka kwa Mwanamkasi nyuzi zilikuwa mbili: moja kwa Zuleha, moja kwa Mama Leticia. Ndipo Zuleha akafungua daftari lake. Nyumba tisa za mtaani kwao zilikuwa zimesugua na kufunika mapipa baada ya yeye kuwaonyesha. Mwalimu alipiga simu, akafunga nyuzi tisa kwenye msumari wa Zuleha. Hakuna jozi nyingine iliyopita tano.

Kisha akaung'oa msumari ule. Nyuzi zake zote zikalegea na kuning'inia.

"Mnaona?" alisema kwa upole. "Ukimficha mwenzako, unaficha na wote aliowafikia. Mtafiti mwaminifu huanza kwa kumtaja aliyefanya naye kazi. Mwanamkasi amelifanya hilo akiwa amechelewa, na limemgharimu. Lakini amelifanya kabla hajaujua ubao huu. Njoo, mwanangu, urudishe msumari; safari ya Muheza ni yenu."

Mwanamkasi aliugongelea, akafunga upya uzi wa kati yake na Zuleha.

"Kaza vizuri," Zuleha alimnong'oneza, akitabasamu. "Usije ukanifuta tena tukifika Muheza."

Mwanamkasi akakaza fundo la pili.