Dawa ya Ng'ombe

Kila asubuhi kabla ya shule, Kagwiria alimshikia ndoo baba yake aliyekuwa akimkamua Karembo, ng'ombe wao wa maziwa. Kiambi, baba yake, alikuwa mzee wa kanisa hapa Githongo, na mifugo wake aliwatibu mwenyewe. Bomba la sindano alikuwa nalo, na kiburi pia.

Mama yake Kagwiria alikuwa mjamzito. Kliniki walimpima damu wakamkuta na kaswende, ugonjwa wa zinaa ambao huweza kumfikia mtoto tumboni. Daktari Ruguru alimdunga sindano, akamwambia aje na mumewe naye atibiwe, la sivyo angeambukizwa tena.

"Mimi nionekane kwenye ile foleni?" Kiambi alifoka. "Ruguru tunaimba naye kwaya. Jumapili nitamwangalia vipi?"

"Na mtoto je, Baba Kagwiria?"

"Nitatafuta dawa."

Kesho yake Kagwiria alimkuta zizini akijidunga pajani dawa iliyobaki Karembo alipovimba kiwele.

"Baba, hiyo si ya ng'ombe?"

"Dawa ni dawa. Na usimwambie mtu."

Jioni Kiambi alimwambia mkewe kwamba ameshadungwa. Mama alishukuru Mungu. Kagwiria alikumbuka alivyokatazwa, akaendelea kula githeri yake ya mahindi na maharagwe.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, akiwa amekufa. Alikuwa mvulana.

Kagwiria alipopeleka uji hospitalini, alimkuta Daktari Ruguru kando ya kitanda, akiuliza kwa sauti ya chini, "Kaswende imekurudia. Mzee alitibiwa?"

"Alidungwa," Mama alijibu.

"Wapi?"

Mama hakujua. Kagwiria alianza kulia. "Zizini," alisema. "Kwa dawa ya Karembo."

Daktari alimshika bega. "Dawa hiyo haikumponya baba yako. Hukukosa wewe. Lakini mtu mzima akikuambia ufiche jambo la ugonjwa, usifiche."

Siku hiyo Kiambi aliitwa, akapimwa, akadungwa dawa ya binadamu kwa kipimo chake. Foleni aliyoiogopa ilikuwa na watu wachache tu, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alikaa akikunja nguo za mtoto ambazo hazikuvaliwa. Kiambi alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mama hakumtazama. Alimgeukia Kagwiria.

"Mwanangu, ukiugua nenda ukapimwe, na mwenzi wako aende pia. Aibu ingeisha Jumapili moja. Huyu wetu hatarudi."